Kobe Aliyekaa Eda

Mwabungo, 2 Aprili 1956

Wifi yangu Mishi,

Shikamoo. Naanza kwa kukuuliza hali yako, na hali ya shemeji Abdurahman, na hali ya baridi ya huko kwenu mlimani Kwale. Najua utanijibu kwa malalamiko, nami nimeyatamani malalamiko yako. Mimi ni mzima. Nipo chumbani na eda yangu: natoka kitandani naenda kwenye mkeka, natoka kwenye mkeka narudi kitandani. Jirani yangu Mbeyu huniletea maji, samaki na umbea, na katika vitu hivyo vitatu hakuna kilichowahi kunipungukia.

Ninakuandikia kwa sababu ya Liwali, yule kobe wa marehemu ndugu yako. Unakumbuka Chirau alivyokwenda bara kumchongea mlango rafiki yake Mwero, na sisi tukamcheka kwamba fundi seremala mzima amefanya kazi siku zote zile akarudi na mnyama wa ukubwa wa bakuli la uji. Akamwita Liwali kwa ule mwendo wake wa mtu anayejua kwamba baraza haliwezi kuanza bila yeye.

Sasa Liwali ni mgonjwa. Tangu msiba yumo ndani na mimi, chini ya kitanda. Ramadhani haijaingia naye ameshaanza kufunga. Nikimpa mchicha ananitazama, nikimpa papai anafumba macho. Jana nilimshika nikahisi gamba lake pembeni linabonyea chini ya kidole, kama embe lililoanza kuiva. Nilishtuka. Wifi, mimi na Chirau Mungu hakutujaalia mtoto. Kitu chenye roho alichoniachia ni hiki. Kikinifia mikononi, sijui nitakaaje katika nyumba hii.

Shemeji anafanya kazi katika ofisi ya mifugo. Muulize dawa, lakini muulize kwa adabu, asije akawachekesha wenzake.

Wifi yako,
Mwanarusi


Kwale, 9 Aprili 1956

Mwanarusi, mke wa ndugu yangu,

Marahaba. Baridi ipo, mgongo unaniuma, na mbuzi wa jirani amekula majani yote ya mihogo yangu. Haya, malalamiko yako umeyapata.

Mume wangu nilimuuliza akiwa anakula. Alicheka mpaka wali ukampalia, nikampiga mgongoni kwa nguvu kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akanawa mikono, akawa mtu wa ofisi. Anasema gamba la kobe ni mfupa, na mfupa hujengwa kwa chokaa ya mwilini ambayo Wazungu wanaiita kalsiamu. Ng'ombe anaihitaji, mtoto anaihitaji, na kobe vilevile. Lakini hiyo chokaa ikiingia tumboni peke yake huzurura tu kama mgeni aliyepotea mtaa. Lazima iwepo vitamini ya kuishika mkono na kuipeleka kwenye mfupa, na vitamini yenyewe mwili huitengeneza kwa jua. Akaniuliza kama Liwali anaota jua. Nikamwambia sijui, bila shaka.

Kwa hiyo nakutumia vitu viwili kwa mkono wa Kitsao, dereva wa lori la nazi. Mfuko ni unga wa mifupa, ule wanaolishwa ng'ombe. Mnyunyizie kidogo juu ya mboga. Chupa ni mafuta ya ini la samaki, wanayopewa watoto kule zahanati wakakimbia. Weka tone moja juu ya jani. Nimesema tone, kwa sababu naujua mkono wako kwenye samli. Cha tatu hakikuingia kwenye lori, nacho ni jua. Umtoe uani kila asubuhi.

Na wewe unakula? Umeniandikia habari za tumbo la kobe, la kwako hukulitaja.

Wifi yako mkubwa,
Mishi


Mwabungo, 27 Aprili 1956

Wifi Mishi,

Shikamoo na Ramadhani karimu. Vitu vimefika. Unga mzuri, hauna neno. Mafuta yamenitia aibu ambayo sitaisahau.

Nilitia tone moja, kama ulivyoamrisha. Liwali akalisukuma jani kwa pua, akalikanyaga, akapita juu yake. Nikampanua mdomo nikamtilia tone jingine, akalitema kwenye leso yangu. Basi harufu ya samaki ikashika chumba kizima, ikatoka dirishani, ikaenda zake mtaani saa sita mchana, watu wamefunga. Paka wote wa Mwabungo wakaja kukaa mlangoni. Haukupita muda Mbeyu akaingia uso umemkunjamana, akaniuliza kwa sauti ya chini kama naumwa, maana nje wanawake wanaulizana ni nani huyo anayekaanga samaki mchana wa Ramadhani, na harufu inatoka kwa mjane. Ilinibidi nimtoe Liwali chini ya kitanda na kumnusisha mdomo wake ndipo akaamini. Amekwenda kunisafisha jina mtaani. Sasa wanasema sili mchana, ila nimeanza kumkaanga kobe.

Kuhusu jua, hapana. Liwali naye ni mfiwa. Mwenye kumlisha yuko kaburini, yeye akaote jua uani kana kwamba hapakutokea kitu? Mlango wa ua nimeufunga tangu siku ya maziko, na Liwali nimemweka eda pamoja na mimi. Nitakapotoka tutatoka wote wawili.

Nakula.

Mwanarusi


Kwale, 6 Mei 1956

Mwanarusi,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikacheka, ya pili nikaacha.

Kobe dume hakai eda. Mwanamume yeyote hakai eda, sembuse mwenye gamba. Na wewe mwenyewe, ni nani aliyekwambia eda ni giza? Mume wangu amemwendea mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Kwale, mtu mzima, ameshika kitabu. Mwalimu amesema mfiwa amekatazwa manukato, mapambo na kuposwa. Ua wa nyumba yake mwenyewe ni nyumba yake. Jua halimo katika makatazo. Bibi zetu walijifungia ndani kwa kuona haya, nasi tukaichukua haya yao tukaifanya sheria.

Mfungulie huyo mnyama mlango. Abdurahman anasema bila jua hata ukimlisha unga gunia zima ni kuupaka rangi ukuta unaoanguka. Hayo ni maneno yake, mimi nisingesema hivyo kwa mtu aliyefiwa.

Leo nakutumia kaimati kwa Kitsao. Ni za kwako. Kobe asiguse.

Mishi


Mwabungo, 20 Juni 1956

Wifi yangu mpenzi,

Shikamoo. Eda imekwisha, alhamdulillahi. Mbeyu na wenzake walikuja kunikosha, nikavaa nguo nyingine, ikasomwa dua na chai ikanyweka. Ulikosekana wewe tu, nami najua si kosa lako, masika yamekata barabara na mgongo wako haukubali kurushwa na lori.

Mimi sijambo sana. Natoka, natembea, nasalimiana na watu. Liwali pia anaota jua kila asubuhi uani na anakula vizuri. Usiwe na wasiwasi nasi.

Kama shemeji anaweza, naomba mfuko mwingine wa unga, na chupa nyingine ya yale mafuta.

Wifi yako,
Mwanarusi


Kwale, 4 Julai 1956

Mwanarusi,

Jana Mbeyu alikuwa hapa Kwale kwa shughuli zake kwenye ofisi za serikali, akaja kunywa chai kwangu. Nikamuuliza habari za wifi yangu anayetembea na kusalimiana na watu. Mbeyu hajui kusema uongo, hata ule wa heshima. Aliweka kikombe chini akaanza kulia.

Kumbe hujavuka kizingiti tangu ulipokoshwa. Kumbe mlango wa ua una utando wa buibui. Kumbe wanawake wakija kukuita muende arusini unasema kobe anaumwa huwezi kumwacha, na kobe kweli anaumwa, anaburura miguu ya nyuma, kwa sababu umekaa naye gizani kama pishi mbili za mtama zilizofichwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliona ajabu, kobe amepona na bado anaagiziwa dawa chupa kwa chupa.

Sasa sikiliza. Ndugu yangu hakuacha mtoto. Kwa mirathi, katika kila alichoacha mimi dada yake nina nusu, na wewe una robo. Nusu yangu ya kobe naitaka, nami nataka iote jua. Robo yako baki nayo chini ya kitanda. Barabara ikikauka nashuka kumchukua.

Mishi binti Boga


Mwabungo, 10 Julai 1956

Mishi,

Njoo. Njoo umchukue nusu, uje na msumeno wa ndugu yako, upo ukutani alipouacha.

Nimeandika hayo jana nikiwa na hasira. Leo nimeyaacha uyaone, lakini hasira imeisha, na nimeona ni bora nikwambie kweli ili usinidhanie wazimu.

Chirau alikuwa akienda kazini naye anarudi jua likipinda. Mimi humngoja ndani. Miaka yote hiyo, mchana nilikuwa ndani na yeye nje, ndivyo tulivyoishi. Kwa hiyo nikikaa humu, Mishi, hakuna kilichobadilika. Ni mchana tu, na bado hajarudi. Liwali chini ya kitanda anakwaruza sakafu, nami najiambia anamngoja na yeye.

Lakini nikitoka ndipo itakapokuwa zamu yangu ya kurudi. Nitapiga hodi kwenye nyumba yangu na hapatakuwa na mtu wa kuniambia karibu. Hilo ndilo ninaloliogopa. Watu siwaogopi, wala kuitwa mjane siogopi. Naogopa ile hodi.

Sikukudanganya kwa dharau. Niliona haya kwamba wengine wote wameweza. Kobe usimchukue, nakuomba. Nitumie unga, nitamnyunyizia mara mbili kwa siku.

Mwanarusi


Kwale, 18 Julai 1956

Wifi yangu,

Nisamehe ile barua. Mimi kila nikiumwa natukana, muulize mume wangu. Simchukui kobe. Wala sikuambii utoke. Mimi mwenyewe tangu Chirau afe sijashuka Mwabungo. Nasingizia mgongo na barabara. Barabara imekauka zamani.

Nina habari mbaya ya Liwali tu. Unga wa mifupa umekwisha ofisini, na haijulikani utaletwa lini. Mafuta nayo hayapatikani. Nimemuuliza Abdurahman kama kuna kitu kingine chenye hiyo kalsiamu, akasema kipo na ni kizuri kuushinda unga, nacho ni mfupa wa dome, yule ndugu wa pweza na ngisi. Unaujua. Ni kile kitu cheupe, chepesi, ambacho mawimbi hukitupa ufukweni, tulipokuwa wadogo mimi na Chirau tulikifanya mashua. Ukikikwaruza kwa kisu kinakuwa unga papo hapo. Wakati huu wa kusi viko vingi.

Lakini Kwale hakuna bahari, wifi. Kama tungekuwa nayo ningekuokotea. Wewe bahari unaisikia kutoka kitandani. Mwagize mtu, au fanya utakavyoona. Abdurahman anasema kobe mwenye miguu inayoburuta asikae bila chokaa muda mrefu.

Mishi


Kwale, 3 Agosti 1956

Kwa shemeji yangu mtukufu, Bibi Mwanarusi,

Assalaam alaikum. Ama baada ya kukutakia heri na afya, madhumuni ya barua hii ni kuomba radhi kwa niaba ya nyumba yangu.

Jana katika mazungumzo niligundua kwamba umeambiwa unga wa mifupa umekwisha. Shemeji, nilistaajabu sana. Unga haukuisha. Lipo gunia kamili chumbani kwetu, nililinunua mwenyewe mwezi wa sita kwa ajili ya mgonjwa wako, na mke wangu huliegemea kila jioni akisuka ukili. Nilipomuuliza sababu aliniambia nisiingilie mambo ya mawifi. Mimi sipendi kuingilia, lakini mnyama ni amana na dawa ni dawa.

Kwa hiyo nakuletea sehemu kubwa ya gunia kwa mkono wa Kitsao, na chupa mbili za mafuta. Naomba pia nieleze kwamba habari za mfupa wa dome ni za kweli, hilo hakulitunga. Na jua, shemeji, usilisahau jua.

Mishi hajui kwamba nimeandika.

Shemeji yako mtiifu,
Abdurahman bin Kaingu


Mwabungo, 9 Agosti 1956

Wifi Mishi,

Shikamoo. Keti, na usiegemee kitu.

Barua yako ya mifupa ya dome ilipofika nilimtuma Mbeyu. Akaniletea matumbawe. Nikamweleza tena, akaniletea maganda ya chaza. Mtu aliyezaliwa Mwabungo, baba yake mvuvi, eti hajui dome. Nilimkasirikia mpaka nikamwambia macho yake yameota utando kama mlango wangu wa ua. Akaniangalia miguu. Sasa nimejua nyote wawili mlikula njama kikombe kimoja.

Juzi Liwali alishindwa kutoka chini ya kitanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikainama nikamvuta, na miguu yake ya nyuma ikaja imelegea mikononi mwangu. Sikufikiri tena. Nilimtia kwenye kikapu, nikajitanda leso, nikavuka kizingiti na kuteremka pwani kabla akili haijanishika. Mwanga ulinitoa machozi. Nilitembea nimeshika kuta za watu kama mlevi.

Nilitegemea watu watanizunguka wanipe pole. Hawakunizunguka. Maji yalikuwa yametoka, na wanawake wako mwambani wanatafuta pweza. Bi Kache akainua kichwa akanitazama, akasema, "Umechelewa, Mwanarusi. Maji yanarudi, inama uokote." Basi nikainama nikaokota. Mifupa ya dome ilitapakaa kwenye mwani. Kikapu nilikiweka mchangani juani, Liwali kichwa nje, hana habari na mtu. Nilijaza leso moja na bado nikaendelea, maana mgongo ulikuwa na joto na sikutaka kuacha.

Nikarudi. Wifi, nisikufiche, yale niliyokuandikia yalinikuta yote. Nilifika mlangoni, hodi ikanitoka kwa mazoea, na ndani kimya. Kimya kile nilikijua tangu siku ya maziko, na bado kilinipiga kana kwamba nakisikia mara ya kwanza. Nilikaa barazani nikalia mbele za watu wanaopita, sikujali. Mmoja akapita akanisalimu, nikamwitikia huku nalia. Kisha Liwali akaanza kukwaruza kikapu. Mwenye njaa hana msiba. Nikaingia, na kwa kuwa sikuweza kusagia mifupa juu ya matandiko, niliufungua mlango wa ua, nikakaa pale pale kwenye kigoda cha Chirau, nikakwaruza unga mpaka adhuhuri. Liwali alikula. Alikula jani zima, akajiburura hatua chache akalala juani miguu yote minne nje, kama bwana mkubwa aliyeshiba karamu.

Siku ya pili Kitsao akanishushia mzigo wa mumeo. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye gunia uliloliegemea. Shemeji usimgombeze. Ameniandikia barua nzuri sana, ameniita mtukufu, jambo ambalo wewe hujawahi kulifanya. Unga nimemgawia Mbeyu kwa kuku wake. Mimi najiokotea wa kwangu. Nimekwenda jana, na leo, na kila nikirudi hodi bado inaniuma, ila naipiga kwa sauti zaidi.

Wewe barabara umekiri imekauka. Shuka. Njoo ulie hapa barazani na mimi, halafu twende mwambani, tuone kama mgongo wako unajua kuinama.

Na kama moyoni mwako una uongo mwingine wa namna ile, wifi yangu, usimwambie Abdurahman akauharibu. Niletee mwenyewe, kabla mvua za vuli hazijanirudisha ndani.

Wako,
Mwanarusi